Msolo Uliolala Nyuma ya Baba

Baba yangu alizaliwa Chunyu, na mama yangu alizaliwa Mandawa. Majina yao nimekwisha kukuandikisha, mjukuu wangu, katika ile karatasi nyingine. Humu sitaki jina la mtu, aliye hai wala aliyekufa, kwa sababu habari hii ina machozi ya mwanamume ndani yake, na machozi ya mwanamume hayawekwi mahali pamoja na jina lake. Andika “baba”. Andika “mama”. Andika ninavyosema, wala usinipambie. Mimi sikwenda shule, lakini neno lililopinda nalijua kama ninavyojua tuta lililopinda.

Baba hakukulia Chunyu. Alibebwa mgongoni akiwa hajaota meno, wajomba zake walipokimbia njaa wakaenda kutafuta udongo mzuri upande wa Nachingwea. Wakati huo Nachingwea haikuwa mji, ilikuwa pori lenye watu wachache waliojuana kwa sauti. Kitongoji chetu kilikuwa na nyumba zisizozidi kumi na mbili, kijito kimoja, na mti mmoja wa msolo uliosimama nyuma ya nyumba yetu, mwendo wa mtu kwenda kuchuma kisamvu na kurudi.

Ninapokumbuka kitongoji kile, kinachotangulia kunijia ni sauti ya ufuta. Tuliukata ungali na rangi ya kijani, tukaufunga matita, tukayasimamisha juani yakiegemeana. Ulipokauka, vitumba vilianza kupasuka kimoja kimoja, ti, ti, ti, kama mvua inayosita kunyesha, na mama alitukataza kukimbia karibu tusije tukazimwaga mbegu. Wakati wa kiangazi tulikula mabungo mpaka meno yakafa ganzi. Mama alibangua korosho kwenye kipande cha debe, mikono yake ikawa myeusi kwa mafuta ya maganda, na hakuna sabuni iliyoitoa weusi ule mpaka mvua ziliporudi. Nilifikiri mama wote duniani wana mikono miwili ya rangi mbili: ya masika na ya kiangazi.

Chini ya msolo walilala wajomba zake baba, na mama yake. Kabla ya kupanda na kabla ya safari, baba, aliyerithi ukubwa wa ukoo kwa mjomba wake, alichukua unga wa mtama katika bakuli la mti, akaumimina penye shina taratibu mpaka ukasimama kama kichuguu kidogo, akawataja wazee wake mmoja mmoja na kuwaeleza anachotaka kufanya. Sisi ni Waislamu. Baba aliswali, alifunga Ramadhani, na maulidi ilisomwa kwetu kila mwaka. Hakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Nawe kama unauona, nyamaza uandike.

Ni lazima nikueleze baba alikuwa mtu wa namna gani. Watu waliokosana walimjia awaamue, na waliofiwa walimjia awatie nguvu. Msibani alikuwa na neno lake moja, ambalo watu wa vitongoji vyote walilijua. Mwanamume akianza kulia, baba alimshika bega na kumwambia: “Mwanamume si mtungi, havuji.” Mtu yule alinyamaza. Nilimsikia akilisema kwenye maziko ya mtoto wake mwenyewe, ndugu yangu aliyenifuata, akijiambia mwenyewe, na hakuvuja.

Kisha wakaja watu wa karanga. Ndivyo tulivyowaita wale wazungu walioingia na mashine wakitaka kulifanya pori lote la Nachingwea shamba moja la karanga. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya arobaini. Nilikuwa nimeolewa hata mwaka haujatimia, na mume wangu, kama ilivyo desturi yetu, alikuwa amekuja kukaa kwetu, akilima shamba la wakwe zake na kutembea kwa adabu. Mzungu mmoja alifika na mkalimani. Baba akaambiwa kwamba ardhi ya ng'ambo ya kijito na ya upande wetu itasafishwa, na kwamba sisi tutatafutiwa mahali pengine. Baba alikubali. Usiandike kwamba tulifukuzwa. Baba alikubali kwa kinywa chake, kwa sababu alikwisha kuona mashine na kujua kwamba mwenye nguvu akikuomba, kukubali ndiyo heshima iliyobaki. Aliomba jambo moja tu: apewe nafasi ya kuwahamisha wazee wake. Mkalimani akasema, “Bwana anasema hana neno, ila ufanye haraka.” Baba akauliza kazi itaanzia wapi. Akaonyeshwa kule kijitoni.

Hapa ndipo lilipo kosa, na kosa ni la baba. Alitoka, akasimama mahali palipoinuka, akalitazama pori lililo kati ya kijito na msolo. Akalihesabu kwa shoka. Wanaume ishirini wenye mashoka makali, wakianza siku ile, wangefika penye msolo mvua za kwanza zinapoanza kunyesha. Akarudi nyumbani ametulia. Akamtuma mume wangu aende Chunyu awaalike ndugu. Akamwambia mama aloweke mtama mpya. Akaagiza chungu kipya, kwa maana wazee wanapohamishwa, huombwa kwanza kwa unga, unga ule ukaachwa chini ya mti mpaka kesho yake. Ukikutwa umesimama vilevile, wamekubali, na hapo udongo wa pale hutiwa chunguni na kubebwa kwenda makao mapya. Ni kazi ya siku tatu, na ndugu lazima wawepo. Mtu mkubwa haharakishwi, sembuse aliyelala.

Mtama ulikuwa umeanikwa siku mbili. Asubuhi ya tatu mama alitia kinuni sehemu iliyokauka, akaanza kutwanga. Tulisikia ngurumo upande wa kijito. Kabla mama hajapepeta pumba, ngurumo ilikuwa nyuma ya nyumba. Mashine mbili zilikuwa zinakwenda sambamba, na kati yake mnyororo mnene kuliko paja langu, na miti ilikuwa inalala mbele ya mnyororo ule kama nyasi mbele ya mtu anayeburuta mkeka. Baba aliuchota unga uliokuwa tayari, na pumba zake, akautia bakulini, akakimbia. Sikuwa nimewahi kumwona baba akikimbia.

Nilimfuata. Nilipofika, mashine zilikuwa zimekwisha kupita na moja imesimama kidogo mbele, mwendeshaji wake anageuza shingo kutazama. Msolo ulikuwa umelala. Mizizi ilielekea mbinguni, na udongo mwekundu ulikuwa bado unadondoka kutoka katika mizizi, punje kwa punje. Ndani ya shimo sikutazama, wala usiniulize.

Baba alikuwa amekaa chini mbele ya mti. Hakukaa kama wanaume wanavyokaa. Alikuwa amenyoosha miguu yote miwili, kama wanawake wanavyokaa msibani, bakuli mapajani, unga umemwagika magotini. Kofia yake ilikuwa imeanguka. Alikuwa akilia bila sauti, kinywa wazi kidogo, na machozi yalipita katika vumbi la mashavu yake yakaacha njia mbili zilizong'aa. Mume wangu, aliyekuwa amerudi jana yake kutoka Chunyu akiwatangulia ndugu, alifika nyuma yangu, akaona, akageuka palepale akarudi nyumbani. Kwetu mkwe hamtazami baba mkwe akila. Akilia je?

Palikuwa na mzungu mmoja ambaye hakuwa mtu wa mashine. Alikuwa kijana, pua imebabuka kwa jua, na kifuani alikuwa na kisanduku. Alikiinua kwenye jicho, kikalia mara moja, kishindo kidogo kama cha mjusi wa ukutani. Kisha akakishusha, akavua kofia yake, akasimama ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyekuja kuomba radhi asiyejua mlango ni upi. Akamwambia mkalimani neno. Mkalimani akatazama chini, na neno lile hakulifasiri. Nimeishi maisha marefu bila kujua alisema nini.

Tulihama. Baba alichagua kwenda karibu na Mbekenyera, mbali na ngurumo. Udongo ulikuwa mzuri, tukajenga, baba akapanda mikorosho kwa mstari. Hakuna aliyesema habari ya msolo. Mama alikijaza kile chungu kipya mbegu za mbaazi. Bakuli la mti lilitundikwa juu ya mlango, mdomo chini, na mwaka ule tulipanda bila unga. Mavuno hayakuwa mabaya, na hilo lilimuumiza baba zaidi kuliko kama yangekuwa mabaya.

Mwaka wa pili, baada ya kuuza ufuta, mume wangu alikwenda Ruangwa kutafuta chumvi. Alirudi alasiri. Chumvi ilikuwa ndani ya shuka lake, imefungwa fundo, jambo lililonishangaza, kwa sababu dukani Ruangwa chumvi ilifungwa katika karatasi za magazeti. Karatasi alikuwa nayo mkononi, imekunjwa, sehemu ya ndani haionekani. Alinipa chumvi na karatasi huku akitazama mikorosho.

“Mpe mama yako karatasi hii,” alisema. “Mimi sijaiona.”

Niliikunjua. Mjukuu wangu, mimi nilikuwapo pale penye msolo. Niliyaona yote kwa macho yangu, na sikulia. Lakini kule mtu huona jambo moja huku akiona na mengine: mashine inanguruma, vumbi linaingia machoni, jua linakwenda, na mtu mwenyewe hujifuta uso, husimama, hurudi nyumbani, na jambo linakwisha. Katika picha ya karatasi ile lilikuwa halijaisha. Baba alikuwa bado amekaa. Mwaka mzima tulikuwa tumejenga nyumba, tumepanda, tumevuna, tumekula, naye alikuwa bado amekaa pale amenyoosha miguu, na hakuna aliyekwenda kumwinua. Ndipo nilipolia, pale uani, chumvi mkononi.

Mama alipoiona aliifunika kwa kiganja, kama mtu anavyofunika uso wa maiti. Lakini jambo kama hilo halifichwi katika nyumba yenye milango miwili. Jioni baba aliitaka. Aliitazama muda mrefu bila kujijua, kwa maana sura yake alikuwa ameiona majini na mara moja katika kioo cha duka. Kilichomjulisha ni kitu kingine. Aliweka kidole kwenye picha, akasema, “Bakuli langu hili.” Kisha kidole kikapanda taratibu kutoka kwenye bakuli mpaka usoni, kikasimama.

Aliuliza ni nani mwingine aliyeiona. Nikamwambia mimi na mama. “Na aliyeileta?” Nikasema aliyeileta amesema hakuiona. Baba akatikisa kichwa kuashiria kwamba mkwe wake amelelewa vizuri.

Jibu la kweli lililetwa Ijumaa. Watu walikuwa wametoka msikitini, na wazee wamekaa kuamua kesi ya mbuzi walioingia shambani. Baba aliposema neno lake, mmoja wa wenye kesi, mtu mwenye ulimi mwepesi, hakumjibu yeye, alimgeukia jirani yake na kusema kwa upole, kama anayeulizia hali ya hewa: “Kumbe na mitungi ya Nachingwea huvuja. Nimeuona mmoja Ruangwa, umefungia chumvi.” Watu waliinamisha vichwa. Wengine walikohoa ili wasicheke. Baba aliimaliza kesi ile kwa haki, akampa mtu yule ushindi kwa sababu ulikuwa wake, akarudi nyumbani, akaniita mimi.

“Zikusanywe zote,” alisema. “Zichomwe. Sitakaa tena na watu mpaka zimalizike.”

Aliniita mimi kwa kuwa kaka zangu wangekwenda kupigana, na mume wangu hakuwa ameiona. Usicheke. Sisi tulijua picha kama tunavyojua mkeka: msukaji mmoja, mkeka mmoja. Tulidhani mzungu yule alitengeneza ile moja, au kwa kuwa ni gazeti, labda tatu au nne zinazofanana, kama watoto wa tumbo moja.

Nilikwenda Ruangwa na kibaba cha ufuta. Nilipochukua gazeti moja mezani, karani wa duka alinicheka. “Mama, unataka gazeti la nini? Hata hapo umelishika miguu juu.” Nikamwambia nataka yenye picha ya mzee aliyekaa. Akaniuliza kama najua kilichoandikwa chini yake, nami nikamuuliza kama yeye anajua. Akasema hicho ni Kiingereza, na Kiingereza chake yeye kinaishia kwenye bei ya kaniki. Akanifungulia robota la magazeti ya kufungia. Nilikaa sakafuni, nikayapekua moja moja. Zilikuwamo kumi na moja. Kumi na moja, mjukuu wangu, na katika kila moja baba amekaa vilevile, hakuna hata moja ambamo amejifuta uso. Karani aliacha kunicheka kabla sijamaliza. Aliniuliza huyu ni nani, na mimi nikasema ni mtu tu.

Baba alizichoma mwenyewe, moja moja, akikaa mbali na moshi. Siku chache akaonekana kupona. Kisha mgeni kutoka Nachingwea akala kwetu, na katika mazungumzo yake akasema kwamba fundi cherehani wa karibu na stesheni ana picha ya mzee mmoja ukutani, na kwamba wateja wake hukaa kuitazama mpaka wanasahau kuchukua suruali zao.

Tulikwenda Nachingwea kwa miguu, mimi na mume wangu. Yeye alisema anakwenda kutazama bei ya mahindi. Nisikufiche: mji ule ulinipendeza. Palikuwa na treni, na nyumba za bati zilizopangwa kama meno, na taa, na wanaume wa makabila yote wamevaa viatu, na harufu ya mkate. Nilikuwa na umri wa kupenda vitu kama hivyo, na nilivipenda juu ya ardhi ile ile iliyotuuma. Leo nikiota Nachingwea, naota zote mbili kwa pamoja, ya ufuta na ya treni, na katika ndoto hazigombani.

Fundi alikuwa ameipigilia picha kwa misumari midogo minne. Nilimpa kuku. Aliing'oa bila ubishi, akainyoosha kwa pasi, akanipa. “Chukua, dada. Nitapata nyingine.” Nikamuuliza ataipata wapi, kwani ziko ngapi? Akanitazama kuona kama nafanya mzaha. Kisha akanieleza kwa adabu, maana alikuwa mtu mwema, kwamba gazeti hupigwa kwa mashine, na mashine haichoki. Kwamba lile lilikwisha kufika Lindi, Mtwara, Dar es Salaam, na bila shaka ng'ambo kwao wazungu wenyewe, na kwamba hata angekaa kuhesabu tangu alfajiri asingefika mwisho wake.

Nilikaa kwenye kizingiti cha fundi yule nikiwa na picha mapajani. Nikaelewa kwamba tumehesabu tena kwa shoka.

Hata hivyo nilikuwa nimetumwa, na aliyetumwa hukamilisha. Fundi aliniambia kwamba kambini, walipokaa vibarua, kuna mama muuza uji mwenye nyingine. Nilimkuta akiosha vikombe vya bati. Alikuwa Mmakua, amekuja kutoka ng'ambo ya Ruvuma na mumewe aliyefuata kazi. Picha alikuwa ameibandika kwa uji ndani ya kibanda chake, mahali anapoiona akikoroga. Nikamwambia ninaitaka, na kwamba nina ufuta na kuku. Akasema hauzi. Nikaongeza kuku. Akacheka.

“Mwenzangu, hata uje na ng'ombe. Huyo ni mzee wangu.”

Nikamwambia si kweli, mzee huyo ni wa kwetu. Akaacha vikombe. “Wewe ni nani wake?”

Mume wangu alikuwa amesimama nje, ananisikia. Nikasema, “Jirani.”

Nimesema uongo mwingi mdogo katika maisha yangu, kama kila aliyelea watoto. Huo ndio ninaoukumbuka.

Yule mama akanikaribisha kigoda. Akanieleza kwamba walipokuwa safarini kuja huku mtoto wake aliharisha siku mbili akafa. Walimzika kando ya njia, pamoja na watu wasiowajua, na msafara ukawa unaondoka. Hakupata kulia. Walipofika, mumewe alianza kazi, yeye akaanza uji, na kilio kikawa kimekaa kifuani kama mfupa. Siku moja alinunua sukari. “Nikafungua karatasi,” alisema, “nikamwona huyu. Mwanamume mzima, tena mkubwa. Amekaa kama mimi nilivyotakiwa nikae. Nikalia mpaka uji ukaungua. Sasa nikizidiwa namtazama, namwambia, mzee, leo lia wewe, mimi nina wateja.”

Akaniuliza kama mzee yule bado yu hai. Nikamwambia yuko hai na ana mikorosho. Akafurahi kama aliyeletewa salamu na ndugu. Akanipa uji, na alipokataa kupokea chochote, nikaondoka.

Njiani mume wangu alitangulia mbele mpaka tulipokaribia Ruangwa. Hapo akasema, bila kunitazama, “Lau kama ningekuwa nimeiona, ningesema yule mama asinyang'anywe.” Nikamjibu kwamba kwa kuwa hakuiona, ushauri wake hauna mahali pa kukaa. Tukacheka, mara ya kwanza tangu tuhame.

Baba alikuwa ananingoja uani. Aliniuliza nimekuja na ngapi. Ile ya fundi nilikuwa nimeiviringisha ndani ya kipande cha mwanzi, na mwanzi ndani ya mkeka wangu. Nikasema sikuja na kitu. Kisha nikamweleza habari ya mashine isiyochoka. Alisikiliza. Niliona anapima, kama siku ile alivyolipima pori, na niliona alipofika mwisho wa kupima na kuacha. Nikadhani atakasirika. Nikaharakisha kumweleza habari ya muuza uji, yote, hata ule uongo wa ujirani.

Akauliza, “Mtoto wake alimzika wapi?”

“Njiani, baba. Hapajui tena mahali penyewe.”

“Basi aiache ukutani.”

Kesho yake alimwambia mama atwange mtama. Akalishusha bakuli kutoka juu ya mlango, akalifuta vumbi kwa kanzu yake, akaenda nalo kwenye mkorosho wa mwanzo wa mstari, mti usiofika hata bega lake. Hatukuwa na udongo wa wazee. Hatukuwa na chochote cha kule. Alichutama, akamimina unga, nao ukaanguka mara mbili, mara ya tatu ukasimama. Akawataja wajomba zake mmoja mmoja, akamtaja mama yake, akawaomba radhi kwamba alichelewa. Mwisho akasema: “Na mtoto wa Mmakua, aliyelala njiani, mkaribisheni.” Sisi tuliosimama nyuma tuliona mabega yake yakitikisika, na mara hii hakujaribu kuyazuia, wala mume wangu hakugeuka.

Ijumaa iliyofuata alikwenda kukaa na watu. Yule mwenye ulimi mwepesi alimwamkia, akaitikia. Na kwenye misiba, mwanamume alipoanza kulia, baba hakusema tena habari ya mtungi. Alikwenda akakaa kando yake.

Alifariki kabla ya miaka ya hamsini kwisha, mikorosho ikiwa imezaa mara tatu. Siku za mwisho aliniita nikamgeuze ubavu. Alikuwa mwepesi kama tita la ufuta mkavu. Akasema, “Ile iliyo ndani ya mwanzi.” Nikamlaza vizuri. Akasema, “Usinizike nayo, wala usiichome. Waonyeshe watoto mti. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake tu.”

Nami nimefanya hivyo. Kila mtoto wangu nilimwonyesha mti, na kila mmoja alitazama uso. Wewe ndiye wa kwanza uliyenisomea maneno ya chini. Ulisema yameandikwa kwamba ni mwenyeji anapumzika kando ya shamba jipya. Watu wa Ruangwa, karani, fundi, muuza uji, mama yangu, hakuna hata mmoja aliyeweza kuyasoma, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba anapumzika.

Sasa sikiliza, maana ninachoka, na sitarudia. Picha ikae ndani ya mwanzi, na mwanzi ukae mahali pasipofika mchwa. Kila kiangazi uitoe, uipe hewa, uirudishe. Usiipeleke kwa watu wa kutia rangi. Mwenye kutaka nakala mwachie apige. Vita hiyo baba alikwisha kushindwa, na hakujuta. Yale maneno ya chini usiyakate. Mtoto akiyasoma, mwambie atazame tena.

Bakuli litabaki kwako wewe, si kwa kaka yako. Lisitiwe mboga, wala maji, wala funguo zenu. Litiwe unga. Ukiumimina ukaanguka, usiogope, mimina tena, na ukimaliza kuwataja wetu wote, mtaje na yule wa njiani. Basi. Weka kalamu chini, ukaangalie kama mbaazi zimeiva.